Magongo Yaliyonuka Sangara

Paka wa mtaa wetu wa Igogo walimpenda kaka yangu kuliko msichana yeyote alivyowahi kumpenda. Nilimwambia hivyo mbele ya wageni, naye akanitupia kandambili. Akisimama mahali, wanakuja. Akikaa na kuegemeza magongo yake mapya ukutani, wanayasugulia mashavu, wanayalamba kuanzia chini mpaka pale ulimi unapofika wakisimama kwa miguu ya nyuma. Nyumba nzima tulicheka. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Hakuna aliyejiuliza paka anatafuta nini kwenye mti.

Nimeanza na paka kwa sababu nikianza na siku yenyewe sitafika mwisho.

Mguu wa kulia wa kaka ulikauka baada ya homa ya utotoni, mimi sijazaliwa. Anatembea kwa magongo mawili, na anatembea upesi kuliko mimi mwenye miguu yangu kamili, jambo ambalo haachi kulitangaza. Lakini mwaka uliotangulia haya, aliteleza kwenye yale mawe yetu ya mlimani mvua ikinyesha, nyonga ikavunjika. Alilala mpaka tukazoea kumwona amelala. Siku aliporuhusiwa kusimama, daktari alimwita baba kando. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali ninapopatia elimu yangu nyingi.

"Mzee," daktari alisema, "mfupa huu umeunga kwa huruma ya Mungu. Ukivunjika tena pale pale, usimtengenezee magongo. Mtengenezee kitanda."

Mimi ni msichana wa kucheka kila kitu. Nimecheka msibani, nimecheka kipaimara, nimecheka mwalimu wa nidhamu akiwa ameshika fimbo. Maneno yale sikuyacheka. Kuanzia siku hiyo, kaka akinyanyuka tu, masikio yangu yanasimama yenyewe kama ya sungura.

Baba ni seremala. Karakana yake ni bati na nguzo, chini ya mawe, na ana amri zake mbili ambazo anazishika kuliko zile kumi za kanisani. Ya kwanza: kitu kinachobeba mtu hakipigwi msumari. "Msumari ni wa sanduku la samaki," husema. "Kiti kishikane chenyewe." Ya pili: mti ukishapigwa randa, uunganishwe papo hapo, ungali mpya, kabla haujapigwa na jua wala mkono wa mtu.

Nilipokuwa mdogo alinionyesha kwa nini. Alikata kipande cha mvule, akailowesha ncha yake kwa mate, akanigeuzia kwenye mwanga. Niliona vitundu vimejaa kama mkate wa kumimina.

"Hivyo ni vinywa," alisema. "Mti ulivitumia kunywa maji ulipokuwa hai. Sasa ukiupa gundi utainywa hivyo hivyo. Inaingia ndani, inakauka humo, inakuwa mizizi. Kiungo kizuri ukikivunja, hakiachii pale penye gundi. Unachanika mti wenyewe, gundi imebaki imeng'ang'ania nyama."

Kisha akachukua vipande viwili alivyoviunga zamani, akavipiga kwa nyundo. Kweli, ukachanika mti, nyuzinyuzi zikasimama kama nywele za mtu aliyeona chui. Nilipofika sekondari, mwalimu wa baiolojia akatuchorea ubaoni ile mirija ya kupandisha maji mtini, nikanyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, hivyo ni vinywa." Darasa likaangua kicheko, na mimi nikajipigia makofi mwenyewe.

Zamani, yaani kabla hawajatuambia soko ni huria, baba alichukua mbao zake kwenye yadi ya shirika. Zilikuwa mbao kavu, zimepangwa zikapigwa upepo mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa mti. Halafu yadi ikafungwa. Mnyororo langoni, majani yakaota, mbuzi wakahamia. Mbao zikaanza kuletwa na yeyote mwenye msumeno wa injini na boti, nazo zilikuja mbichi, mbichi kabisa, ukizigonga zinakutemea mate. Gundi pia ilibadilika. Ile ya ngozi ya ng'ombe, ambayo baba aliichemsha kwenye kopo na kutufukuza nyumbani kwa harufu, ikapotea. Badala yake ikaja gundi nyeupe kwenye ndoo ya plastiki, kutoka Dubai, ya baridi, unaifungua unapaka.

Aliyetuuzia ni mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vifaa mjini, babu yake alilifungua na yeye atafia humo. Anamsalimia baba kwa Kisukuma, baba anamjibu kwa Kijita, wote hawaelewi na wote wanafurahi.

"Fundi, hii huchemshi, hainuki, na mama hakufukuzi," alisema. "Ila sharti moja. Mti mkavu, mti safi. Basi."

Baba alichukia kidogo. "Mimi lini umeniona nagundisha mti mchafu?"

"Sijakuona, ndugu yangu. Nasema ilivyoandikwa."

Basi, kupata mti mkavu ndiyo ilikuwa kazi. Nyuma ya karakana mama alikuwa na chanja zake za kubanika sangara. Minofu ya samaki inakwenda Ulaya kwa ndege. Sisi tunaobaki na ziwa lenyewe tunapewa vichwa na mifupa, na samaki wadogo wasiotakiwa kiwandani, naye mama anavibanika na kuvikaanga asubuhi mpaka jioni. Moto hauzimi. Mafuta ya sangara yanadondokea makaa, yanapanda na moshi mzito wa rangi ya chai. Baba alisimama siku moja akautazama moshi ule ukienda bure angani, na nikaona kabisa wazo likimwingia kichwani kama mgeni asiyebisha hodi.

Akajenga kichanja cha pili juu ya chanja za mama.

"Sasa unaniwekea mbao juu ya samaki?" mama aliuliza.

"Samaki wako watapata kivuli."

"Na mbao zako zitapata nini?"

"Joto," alisema baba. "Zinataka joto tu."

Zilikauka, hilo lazima niseme. Zilikauka haraka kuliko za yadi. Na kwa kuwa mti mwembamba hukauka upesi kuliko ubao mnene, baba aligeuza mpango wa kazi ambao maisha yake yote hakuwahi kuugeuza: akawa anazichonga kwanza, anazipiga randa, anazipa umbo, kisha anazitundika juu ya moshi zikauke, ndipo anaunga. Kazi ya gundi ikaja mwisho, siku nyingi baada ya randa. Sidhani hata alitambua kwamba amri yake ya pili ilikuwa imeshakufa.

Wakati huo kaka alipata nafasi ya kujifunza kazi ya dirisha la dawa katika hospitali ya ng'ambo, Sengerema. Nyumbani ilikuwa kama amechaguliwa ubunge. Baba akasema mtu wa hospitali haendi kazini na magongo ya msonobari yaliyofungwa kamba. Akamtengenezea mapya ya mvule. Alipasua mbao nyembamba, akazilainisha kwa randa mpaka ukipitisha mkono unasikia kama shavu la mtoto, akazichemsha kwenye pipa, akazikunja juu ya kalibu, akazitundika kwenye moshi zikauke zikiwa zimejikunja. Halafu akazigundisha mbilimbili, kila gongo likawa na mkunjo mmoja mzuri unaopanda mpaka kwapani. Hakuna msumari. Hakuna parafujo. Hakupaka hata vanishi, alisema mvule una mafuta yake, uachwe upumue.

Kaka aliyajaribu uani akizunguka kama bwana harusi. Paka wakamfuata.

Yale ya zamani tuliyachoma. Kwao mama, huko Mara, gongo la mgonjwa halihifadhiwi nyumbani akishapata jipya, wanasema linamwita mwenyewe arudi kitandani. Kaka mwenyewe ndiye aliyeyasukuma chini ya chanja, na sangara wa siku hiyo walibanikwa kwa magongo yake. Nilikula kichwa kimoja nikasema kina ladha ya kwapa.

Asubuhi aliyoondoka alikataa kusindikizwa. "Sitaki msafara," alisema. "Nasindikizwa kama maiti?" Sanduku lake lilikwisha tangulia kwa mkokoteni. Mama akamwombea akiwa amemshika kichwa, baba akayapigapiga magongo kwa kiganja mara moja, kama mtu anayemuaga farasi, naye akateremka kwenda kusubiri kivuko. Ukungu wa ziwa ulikuwa umetanda, kila kitu kimelowa umande. Niliona kitu kidogo ambacho sikukipa maana: mbao zilizolala nje zilikuwa nyeusi kwa maji, lakini kwenye magongo ya kaka umande ulikaa juu juu, vitone vidogo vya mviringo, vinateleza kama kwenye jani la gimbi. Nikafikiri, mvule una maringo.

Jua lilipoanza kuchoma, akaja mama mmoja wa mtaa wa Pasiansi, mteja wa baba. Mkono mmoja alikuwa ameufunga kitambaa, mwingine umebeba kigoda kwa mguu wake mmoja. Mguu wa kigoda uliochomoka alikuwa ameubana kwapani.

"Fundi, salamu baadaye," alisema. "Kigoda chako kimenitupa. Nasonga ugali, nimekikalia kwa adabu zangu zote, mara mguu ukatoka. Sufuria kule, mimi huku, ugali mkononi. Tazama."

Alifungua kitambaa. Mkono ulikuwa umebabuka.

Nilitaka kusema kitu kuhusu uzito wake. Nilikuwa nimekwisha kukitunga. Kisha nikamwona baba.

Alikuwa ameshika ule mguu wa kigoda, anautazama ule ulimi wake, yaani kile kichwa kilichochongwa kuingia kwenye tundu la kiti. Ulikuwa msafi. Haukuwa na uzi hata mmoja wa mti uliochanika. Ulikuwa unang'aa. Baba akaingiza kidole kwenye tundu, akakwaruza kwa ukucha, na gundi ikatoka nzima nzima, ngozi nyeupe yenye umbo la tundu lenyewe, kama utando unaoutoa juu ya maziwa yaliyopoa. Haikuwa imeng'ang'ania kitu. Ilikuwa imekaa humo kama mpangaji.

Akasugua ulimi wa mguu kwa kidole gumba. Akakinusa kidole.

"Samaki," alisema kwa sauti ndogo.

Mama wa Pasiansi aliniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye samaki.

Baba akachovya kidole kwenye kopo la maji na kudondosha tone juu ya ule ulimi. Tone likasimama. Lilikaa pale limejikunja kama jicho, linatutazama. Akachukua patasi, akaparua ngozi nyembamba ya mti pale pale, akadondosha jingine. Hilo mti ulilinywa kabla sijapepesa.

Kemia yetu ya kidato cha tatu inafundishwa na mwalimu mwenye jiko moja la gesi na wanafunzi wengi kama senene, na mimi hukaa nyuma nikiiga sauti yake. Lakini hapo yote yalinijia kwa mpigo, na kwa sauti yake yeye. Gundi ile ni ya maji. Mafuta na maji havipatani. Moshi wa sangara ulikuwa umepaka mafuta mti ule siku baada ya siku, na joto nalo limevuta mafuta ya mvule wenyewe kutoka ndani mpaka usoni. Vinywa vyote vilikuwa vimefungwa, kama mtoto anayekataa dawa. Tulikuwa tumempakia gundi mdomoni na hakumeza.

Na paka walijua.

Baba alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Nadhani wote wawili tulimsikia yule daktari.

"Kaka yako yuko wapi sasa hivi?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Nilishuka kwa njia ya mkato, kando ya reli, nikiruka mawe na mifereji. Sijawahi kukimbia hivyo hata nikifukuzwa. Kila nikikanyaga nilisikia magongo yake yakigonga kichwani mwangu, ko, ko, ko, na kila ko nilingoja isiyofuatiwa na nyingine. Nilimwona akianguka kwenye ngazi. Nilimwona akianguka kwenye kile kidaraja cha chuma cha kivuko, ambacho huwa kimelowa maji na dizeli, na maji meusi yako chini yake. Nilitazama kila kundi la watu njiani, nikiogopa kuona watu wameinama.

Kivuko kilikuwa kinanguruma tayari. Magari yamekwisha ingia, mlango wa chuma unaanza kunyanyuka. Niliruka.

"We mtoto! Unataka kufa?" alipiga kelele yule mfanyakazi wa mlangoni.

"Siyo mimi!" nikamjibu, na sikuwa natania.

Kaka alikuwa amesimama kando ya uzio, mabegani amevaa koti la mitumba la kiofisi, anamwongelesha mama mmoja muuza ndizi. Aliponiona alitoa macho, kisha akacheka.

"Haya, umekuja na lipi leo?"

"Kaa chini."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, kaa chini! Magongo hayana gundi."

"Mwezi uliopita yalikuwa na mchwa," alimwambia muuza ndizi. "Kabla ya hapo, kuna msichana wa duka aliniandikia barua. Nikaoga, nikaenda. Huyu mdogo wangu ni mwongo wa daraja la kwanza, mama, serikali imlinde."

"Kaka, nakuomba."

"Hebu sikiliza." Akainua gongo na kulipiga sakafuni kwa nguvu. "Chuma hiki." Akapiga tena. Kila pigo lilipita kwenye meno yangu. Nilinyoosha mikono kama mtu anayetaka kudaka yai.

Nikamgeukia muuza ndizi, nikamwomba maji yake ya kunywa, akanipa chupa bila kuelewa. Nikadondosha tone kwenye mkunjo wa gongo. Likajikunja, likabingirika, likaanguka. Nikadondosha jingine kwenye benchi la kivuko, la mbao kavu isiyo na rangi. Likazama.

"Umeona?"

"Nimeona. Si ndiyo vizuri? Mvua haitaingia."

"Na gundi nayo haikuingia," nilisema.

Hapo aliacha kucheka. Yeye ni mtoto wa seremala kama mimi. Ameona vile vinywa kwenye ncha ya mti, amelowesha kwa mate. Akainama kulitazama gongo pale mbao mbili zinapokutana, na mimi nikaona alichokiona: mstari mwembamba, mweusi, ambao asubuhi haukuwepo.

"Baba anajua?"

"Baba ndiye aliyegundua."

Akatazama kulia na kushoto. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa watu, makapu na kuku. Kwenda mahali popote ilibidi atembee, na kutembea ilibidi ayaegemee. Alisimama hivyo, hasongi mbele wala nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona kaka yangu akiogopa. Uoga wangu mwenyewe nilikuwa nimeuzoea. Wa kwake ulinivunja nguvu. Mikono yake ilikuwa imeshika vishikio mpaka viungo vya vidole vimekuwa vyeupe, na kila alivyokaza ndivyo alivyozidi kuyalemea.

"Nishike," alisema. "Usiseme kitu cha kuchekesha."

Niliingia chini ya kwapa lake la kulia. Hapo tulikuwa tumetoka kwenye kinga ya ghuba ndogo, na upepo ukatukuta. Kivuko kikainuka upande mmoja, watu wakaguna, kuku wakapiga kelele, na uzito wake wote ukaenda kushoto.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kitu kikivunjika. Hakikuvunjika kitu. Ilisikika sauti ndogo, laini, kama midomo miwili ikiachana. Ule mkunjo mzuri ulifunguka kutoka juu mpaka chini, mbao moja huku, nyingine kule, na gongo halikuwa gongo tena. Kaka akateremka.

Nilimbana kiunoni kwa mikono miwili na nikajitupa chini kwanza, ili aniangukie. Begani mwangu kitu kilichomoka kwa maumivu. Muuza ndizi naye alimdaka koti, tukalala wote watatu kwenye ndizi zake, na nyonga ya kaka ilikuwa juu ya tumbo langu. Juu ya tumbo langu, narudia, siyo sakafuni.

"Imegusa?" nilimuuliza. "Imegusa chini?"

Alikuwa amefumba macho, anasikiliza ndani ya mwili wake kama mtu anayesikiliza mlango unabishwa.

"Kaka, imegusa?"

"Haijagusa," alisema mwishowe. "Wewe una mifupa mibaya. Inachoma."

Ndipo nilipolia, mbele ya kivuko kizima.

Watu walitupisha benchi. Nilichukua gongo la pili, lile zima, nikaingiza ukucha kwenye mstari. Ukaingia. Nikavuta taratibu, na lile nalo likamenyeka kama ndizi, bila kelele, bila hata uzi mmoja wa mti kuchanika. Ngozi ya gundi ilibaki upande mmoja, inang'aa. Kaka aliitazama, akageuza uso akaangalia maji mpaka tukafika.

Nyuma, ng'ambo tuliyotoka, mtu mdogo kama kijiti alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa amevaa aproni ya seremala. Kivuko kilikwenda na yeye hakuondoka.

Tulipoteremka, daladala ikatufikisha hospitali Sengerema, naye akaripoti siku ile ile, maana asiporipoti nafasi angepewa mwingine. Aliingia akiwa amenikumbatia bega lile zima, mimi nanuka ndizi na jasho, sketi ya shule imechanika. Mpokeaji akanitazama juu ya miwani.

"Na huyu ni nani?"

"Gongo langu," alisema kaka. "Ni la muda tu, shikamoo."

Kaka alibaki Sengerema kwa magongo ya kuazima hospitalini, nami nikarudi nyumbani kumweleza baba. Alikibomoa kile kichanja cha juu ya samaki kwa mikono. Akatafuta kila kigoda na kila kiti kilichopita kwenye moshi ule, akazunguka mlango kwa mlango, akavifungua viungo kimoja kimoja, mpaka mama wa Pasiansi akawa ndiye anayemtetea kwa majirani. Mbao za magongo mapya alizianika chini ya bati, kwenye upepo wa ziwa, akawa anazinusa kila asubuhi kama mpishi. Zilipokauka, akazikunja, akazingoja tena, kisha akaparua nyuso zote za ndani kwa kipande cha kioo mpaka mti mpya ukatokea, akazigundisha hapo hapo, hajanyanyua hata kichwa kumjibu mtu salamu.

Pamoja na magongo aligundisha vipande vya majaribio. Alituita tuone. Akapiga kwa nyundo. Ukachanika mti, nyuzi zikasimama. Akavunja kingine. Na kingine. Tulimwambia inatosha, akavunja mpaka vikaisha.

Halafu akafanya kitu kilichotufanya mimi na mama tutazame chini, kama tumemkuta anaoga. Alitoboa magongo yale kwa keekee, akaingiza parafujo za shaba, juu na chini ya kila mkunjo, akazikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtu wa amri mbili. Sikusema neno kuhusu masanduku ya samaki. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Yalipokuwa tayari, kabla ya kuyapeleka ng'ambo, baba aliyaegemeza kwenye ukuta wa uani, pale pale kaka alipozoea kuyaweka, akarudi nyuma. Mama akaacha chanja zake. Tukakaa wote watatu kwenye kizingiti, tukisubiri paka.

Paka wa kahawia alikuja wa kwanza, yule aliyekuwa mpenzi mkubwa wa kaka. Akayazunguka. Akanusa gongo moja chini, akapandisha pua mpaka kwenye mkunjo, akatulia. Nilishika mkono wa mama. Paka akapiga chafya, akatupa mgongo, akaenda zake kwa samaki.

Mama akashusha pumzi na kuanza kunyanyuka.

"Kaa," baba akamwambia, macho hayajabanduka ukutani. "Tumsubiri na yule mweusi."